"Sovieti" ni baraza, si Urusi

Siasa zikipamba moto hapa Mikinduri, hasa siku ya soko, kuna neno hutupwa kumfunga mtu mdomo: "Hayo ni ya Sovieti!" Ukitaja mbolea ya ruzuku, Sovieti. Ukiuliza ardhi ya umma aligawiwa nani, Sovieti. Ukimuuliza msemaji Sovieti ni nini, anakwambia ni Urusi. Hapana. Uzi mfupi 👇

Sovieti ni neno la Kirusi, maana yake baraza. Mwaka 1905 wafanyakazi wa viwandani waliogoma walichagua wajumbe wao wa kuendesha mgomo, na kikao hicho kikaitwa sovieti. Mjumbe akiwasaliti, wanamtoa wanatuma mwingine. (Na sisi Kifungu cha 104 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani. Umeona nani amerudishwa?)

Nikisema baraza usifikirie lile la chifu. Chifu ameajiriwa na serikali, yeye anaongea, sisi tumekaa kwa nyasi tunapiga makofi. Hata Njuri Ncheke si mfano kamili, maana mzee haingii kwa kura. Lakini lile wazo kwamba uamuzi unatoka kwa kikao, si kwa mtu mmoja, Mmeru halihitaji kufundishwa.

Sasa jina lenyewe. Tarehe 30 Desemba 1922 ulizaliwa Muungano wa Jamhuri za Kisovieti za Kisoshalisti. Soma tena. Hakuna jina la mahali hata moja! Ilikuwa makusudi, ili nchi yoyote iweze kujiunga. Mwishowe zilikuwa jamhuri 15: Ukraine, Georgia, Uzbekistan na nyingine, Urusi ikiwa moja tu, ingawa ndiyo kubwa. Na zile herufi CCCP za kwenye jezi? Kwa Kirusi C inasomwa S, na P inasomwa R. Ni SSSR.

Kuchanganya si kwetu peke yetu. Kisumu kuna hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na watu wanaiita "Russia" mpaka leo.

Tena, neno "kikomunisti" halimo kwenye jina. Wao walisema wako kwa njia ya usoshalisti, na ukomunisti ni kule wanakoelekea. Hawakufika.

Shida ilikuwa hapa: jina lilisema mabaraza ndiyo yanatawala, lakini aliyetawala ni chama kimoja. Katiba yao ya 1977, kifungu cha 6, iliandika wazi kwamba chama ndicho kiongozi wa nchi. Mabaraza yalibaki kupitisha yaliyokwisha amuliwa, na kwa miaka mingi karatasi ya kura ilikuwa na jina moja.

Unaskia kama unaijua hiyo hadithi? Kenya, iliyokuwa rafiki wa nchi za Magharibi, ilikuwa na kifungu cha 2A: chama kimoja kisheria, kuanzia 1982. Kilifutwa Desemba 1991, mwezi uleule Muungano wa Sovieti ulipovunjika. Kumbe kunyima watu chaguo hakuhitaji ukomunisti.

Kwa hivyo mtu akikurushia "Sovieti" pale stejini, muulize anamaanisha baraza la watu waliochaguliwa ama chama kisichotaka mpinzani. Na mbolea ya ruzuku? Hata Marekani inawalipa wakulima wake ruzuku.