Hofu ya Mtihani (Sehemu ya Pili): Aliyesoma Naye Huogopa

Wiki iliyopita tulieleza dalili za hofu ya mtihani mwilini: moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho, tumbo kuvurugika. Leo tuulize kwa nini mwanafunzi aliyesoma kwa bidii asahau mbele ya karatasi ya maswali alichokijua jana. Wengi hujibu kwamba hakusoma vya kutosha. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini limewaonea vijana wengi.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Liebert na Larry Morris, waliitenganisha hofu ya mtihani katika sehemu mbili: msisimko wa mwili na wasiwasi wa mawazo. Utafiti mwingi uliofuata umeonyesha kuwa kinachoshusha alama zaidi ni wasiwasi. Sababu yake inaeleweka. Akili ina nafasi finyu ya kushikilia mambo inayoyafanyia kazi kwa wakati mmoja. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayekokotoa riba anashika kichwani mtaji, kiwango na muda, huku akikumbuka kanuni. Likimjia wazo la "nikifeli nitamwambia nini mama?", nafasi ile ile inagombewa. Tarakimu moja inamponyoka, jibu linakataa kutoka, na wasiwasi unazidi.

Wapo watakaosisitiza kuwa aliyejiandaa haogopi. Maandalizi ni muhimu, lakini swali ni maandalizi ya namna gani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwapa watu maneno na picha wajifunze. Kundi moja lilirudia kuvitazama. Jingine lilijipima kwa kujaribu kuvikumbuka. Kesho yake baadhi yao walitiwa shinikizo kwa kutakiwa kuhutubia bila kujiandaa na kukokotoa hesabu mbele ya watu. Katika kundi la waliorudia kutazama tu, waliotiwa shinikizo walikumbuka machache kuliko wenzao waliobaki watulivu. Waliojipima hawakutetereka. Kwa hiyo mwanafunzi anayekesha akisoma daftari lile lile mara kumi amejitahidi kweli, ila njia yake haimkingi. Afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifungue na kusahihisha. Ajibu pia mitihani ya miaka iliyopita kwa muda uliopangwa.

Wengine watasema hofu ni kichocheo. Ni kweli, hofu kidogo humfanya mtoto ashike kitabu. Lakini vitisho vya usiku wa kuamkia mtihani havimwongezei maarifa. Vinamwongezea wasiwasi tu. Wala kumwambia "usiogope" hakusaidii, kwa kuwa anajua matokeo ndiyo yatakayoamua kama ataendelea na kidato cha tano. Kinachoweza kumsaidia ni kuuandika wasiwasi huo: wanasaikolojia Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wenye hofu kama hiyo ambao hawakuandika.

Mwalimu, toa majaribio mafupi ya mara kwa mara yasiyo na adhabu, ili kujipima kuwe mazoea. Mzazi, usimlinganishe mwanao na mtoto wa jirani. Msikilize anapokwambia anaogopa. Hofu hiyo si uvivu wala ukosefu wa akili, na ina njia za kudhibitiwa.

Itaendelea wiki ijayo.