Kichaa cha Mbwa: Safari ya Virusi na Udhaifu wa Jina

Mkazi wa Myanga, Bungoma au Kitale akiulizwa ni ugonjwa gani hatari huletwa na mbwa, hatasita kutaja kichaa cha mbwa. Jina hilo limekita mizizi katika Kiswahili, lakini linaficha mambo mawili. Kwanza, ugonjwa huu si wazimu bali ni maambukizi ya virusi katika ubongo. Pili, si wa mbwa pekee. Paka, ng'ombe, punda, mbweha na binadamu huugua vilevile. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi virusi hivyo vinavyosafiri, mwilini na nchini.

Mwilini, safari huanzia penye jeraha. Mate ya mnyama mgonjwa huingia katika msuli, kisha virusi huifuata neva polepole hadi kwenye ubongo. Aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu hupita kabla ya dalili. Kutoka ubongoni virusi hushuka hadi kwenye tezi za mate, tayari kwa jeraha jingine. Dalili kama vile kuogopa maji zinapojitokeza, takriban kila mgonjwa hufariki.

Nchini Kenya, kisa cha kwanza kilichoripotiwa kilikuwa cha mbwa, viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Mwaka 1928 kikaripotiwa kisa cha kwanza cha binadamu, katika eneo la Ziwa Victoria. Je, virusi huenda mbali namna gani? Katika eneo la Serengeti, Tanzania, watafiti walifuatilia maumo kuanzia mwaka 2002, wakitafuta mbwa aliyeanzisha kila moja. Ilibainika kwamba mbwa wengi wagonjwa huuma karibu na kwao, na kwa wastani kila mmoja huambukiza zaidi kidogo ya mbwa mmoja.

Basi ni nani huvirusha virusi masafa marefu? Mara nyingi ni binadamu. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikuwa umetokomezwa kwa chanjo, lakini mwaka 2016 ukazuka tena, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba virusi viliingizwa kutoka nje ya kisiwa. Vivyo hivyo, mbwa anayepewa jamaa kutoka Kitale hadi Myanga anaweza kubeba virusi akiwa bado mchangamfu.

Kwa kuwa uambukizaji ni wa kasi ndogo, mnyororo huu hukatika asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa. Kampeni hurudiwa kila mwaka kwa sababu watoto wa mbwa huzaliwa daima. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu kufikia 2030.

Hapa ndipo udhaifu wa jina unapodhuru. Anayesubiri kuona "kichaa" humpuuza mbwa mgonjwa aliyenyamaza na kulegea miguu, ilhali naye huua. Kwa hivyo, yeyote aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini kupata chanjo bila kungoja dalili za mbwa wala zake. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kulifafanua jina hili vijijini kwetu. Tahadhari kabla ya hatari.