Je, Wajua? Begi la Mgongoni na Usiku Mmoja Mlimani

Sogea, kaa hapa nami. Nasikia Jumamosi mnapanda Matogoro, mnalala usiku mmoja, Jumapili mko Songea mjini. Kibali cha kuingia msitu wa hifadhi mmeshapata? Vizuri. Sasa kabla hujatoa hela yako ya begi, sikiliza haya!

Je, wajua kwamba begi la mgongoni hupimwa kwa lita, kama maji au mafuta ya taa? Kwa kulala usiku mmoja, lita 30 hadi 45 zinakutosha kabisa. Hebu itazame ile ndoo ya lita 20 pale nyumbani kwako: weka mbili pamoja, umeshaliona begi lako zima!

Wajua kwamba begi tupu nalo lina uzito wake? Yapo mengine yanakula kilo 2 kabla hujatia hata kiberiti. Ukilishika dukani, linyanyue kwanza likiwa tupu, mkono wako utakuambia.

Na maji je? Lita 1 ni kilo 1, haipungui. Beba lita 3 na umeshapandisha kilo 3 mgongoni, chakula bado!

Tena cheki ajabu hii: Matogoro unakopeleka maji yako ndiko Mto Ruvuma unakozaliwa. Mto huo unasafiri kilomita 800 hivi, sehemu kubwa ya njia ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, hadi Bahari ya Hindi. Wewe unapandisha chupa, mlima unashusha mto mzima!

Je, wajua kipimo ambacho wapandaji wengi hukifuata? Mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Una kilo 60? Basi kilo 12, na hapo umeshahesabu hema, maji, ugali na kila kitu.

Sasa shika kiti. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo. Ikaonekana wanabeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu hata kidogo zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Bure kabisa, ndugu yangu!

Na askari vijana wenye mabegi ya mgongoni? Kwa mzigo uleule wa asilimia 20, miili yao ilichoma nguvu zaidi kwa asilimia 13. Mama mwenye ndoo kichwani amempita askari!

Siri yao ilielezwa mwaka 1995: ni mwendo. Mwili wa mama yule huyumba kama timazi la saa, kila hatua ikiirudishia nguvu hatua inayofuata. Mtazame mama anayetoka kisimani asubuhi, utauona mwendo huo.

Ile ngata anayoiweka chini ya ndoo, umewahi kuifikiria? Kipande cha kanga kilichoviringwa, na mzigo umeacha kuchoma. Sifongo iliyoshonewa mikanda ya begi lako inafanya kazi ileile ya ngata.

Je, wajua kuhusu wapagazi wa Nepal, njia ya kwenda Everest? Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta wanaume wanabeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao wenyewe! Mzigo wote unaning'inia kwenye ukanda mmoja uliopita kwenye paji la uso, kama kina mama wa Kikuyu na kuni zao.

Hapa kwetu Kilimanjaro kanuni ni kilo 20 kwa mpagazi, na mizigo hupimwa kwenye mizani getini. Kwa hiyo hata mtu ambaye mlima ndiyo kazi yake amewekewa kikomo. Wewe wa usiku mmoja unatafuta nini na kilo 25?

Zamani za misafara haikuwa hivyo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, na njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa miguu!

Na wajua robota la mpagazi liliitwaje? Mtumba! Neno lilelile, leo umelikuta sokoni ukitafuta begi la mitumba.

Kariakoo umefika? Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nairobi nao wana Kariokor yao. Masoko mawili makubwa yamebeba jina la watu waliobeba mizigo!

Chuma na Susi je, unawakumbuka? Mmisionari David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Zaidi ya kilomita 1,500, na Chuma alikuwa Myao, kabila lilelile la ndugu zetu wa Tunduru.

Je, wajua umri wa begi la mgongoni? Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps, alikutwa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kando yake kulikuwa na ufito wa mti wa mita 2 hivi, umepindwa kama herufi U, na vibao viwili: fremu ya begi lake!

Kiswahili nacho hakikuchelewa: begi la mgongoni ni shanta. Neno limetujia kupitia Kiarabu, nacho kililichukua kwa Waturuki. Jaribu leo kumwambia muuzaji “naomba shanta,” halafu utazame uso wake!

Wajua kwamba begi zuri halikai mabegani? Mkanda wa kiunoni ukikazwa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito huteremka na kukalia miguu. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California, Marekani, alianza kuuza mabegi ya fremu ya alumini yenye mkanda huo, na wapanda milima wakapumua.

Tena urefu wako si kitu! Kinachopimwa ni mgongo: kuanzia kile kifupa kinachojitokeza shingoni ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa nyonga. Mtu mrefu mwenye miguu mirefu aweza kuvaa begi sawa na rafiki yake mfupi. Kiguse kifupa chako sasa hivi. Umekipata?

Mimi langu nililipata mitumbani hapa Songea. Nilitia ndani chupa 6 za maji za lita moja na nusu, kilo 9 kamili, nikazunguka nalo katikati ya mafungu ya suruali mpaka bega likatoa jibu. Begi la kwanza lilinikata hapa, karibu na shingo. La pili nikasahau kwamba nimelivaa!

Hebu geuza begi la mwanao wa shule. Unakiona kile kibandiko chenye matundu mawili, kama pua ya nguruwe? Si pambo! Kiliwekwa ili kupitishia kamba, ili wapanda milima wafunge shoka la barafu kwa nje. Wewe fungia hapo viatu vilivyolowa.

Sasa shika kifungo cha mkanda wa kifuani. Mabegi mengi ya mlimani yana filimbi humo humo kwenye plastiki, na wengi huyatumia miaka bila kujua. Ukipotea porini piga mara tatu, nyamaza, piga tena mara tatu: hiyo ni ishara ya kuomba msaada.

Soma kichwa cha zipu. Kuna herufi tatu, YKK? Ni kampuni iliyoanzishwa Japani mwaka 1934, na leo ndiyo kubwa kuliko zote za zipu duniani. Huenda umevaa herufi hizo wakati huu unaponisoma!

Na ile mikanda inayolia “kwaraa” ukiibandua? Mwaka 1941 George de Mestral wa Uswisi alirudi kutoka kuwinda, mbwa wake amejaa mbegu zilizong'ang'ania manyoya, jamaa za kishona nguo wetu. Akazitazama kwa hadubini, akaona vikulabu vidogo vidogo, na hapo ikazaliwa velkro.

Lebo imeandikwa 420D? Maana yake uzi wa kitambaa hicho ukivutwa mita 9,000, utakuwa na gramu 420. Kilomita 9 za uzi kwa uzito usiofika nusu kilo! Namba ikipanda, kitambaa ni kigumu zaidi, na mgongo nao unalipa.

Viatu navyo ni mzigo. Kilo 1 miguuni huchosha sawa na kilo 4 hadi 6 mgongoni! Hapo unaelewa kwa nini mabuti mazito humaliza watu kabla ya begi.

Muulize Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na mama wa watoto 11, Mmarekani huyu alitembea peke yake njia ya Appalachian, kilomita 3,300 hivi, kwa raba za kawaida. Begi lake? Mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe, anautupia bega moja, na mara nyingi haukufika kilo 9. Mvua ikija, alijifunika pazia la bafuni!

Mvua ya kwetu unaijua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili huko. Na wajua kwamba mabegi mengi huvuja kwenye mishono hata kitambaa kikiwa kizuri? Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo chukua karatasi la nailoni, lile zito, ulitandaze ndani ya begi kabla ya kupanga nguo.

Kupanga nako kuna siri. Blanketi chini kabisa, vizito katikati vikiugusa mgongo, vyepesi juu na nje. Weka sufuria na maji mbali na mgongo, uone begi linavyokuvuta nyuma kama mtoto anayetaka pipi! Na ukipanda Juni au Julai, sweta likae juu, maana baridi ya Songea haisubiri upekue.

Begi si la watu tu. Panya je? Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kuvaa vibegi vyenye kamera na kipaza sauti, ili watafute watu waliofukiwa na majengo. Na panya buku ana mifuko mingine miwili ya kubebea chakula: mashavu yake!

Na mabegi yaliyofika mbali kuliko yote? Mwezini. Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walivaa mabegi ya hewa ya kilo 38 kila moja, lakini kule yalikuwa mepesi kama kilo 6. Walipomaliza wakayatupa nje ili chombo kiwe chepesi, na hadi leo yako hukohuko!

Na la mwisho, lako wewe. Je, wajua kwamba uliwahi kuwa mzigo wa mgongoni? Mama alikufunga mbeleko, ukalala umebandika shavu mgongoni kwake, uzito wako umekalia nyonga, fundo limekazwa kifuani usiyumbe. Basi dukani kabla ya kulipa, livae begi, likaze, kisha inama na ujitikise kidogo kama alivyofanya yeye akikupandisha. Likitulia kama mtoto aliyesinzia, toa hela!