Kitufe Chekundu: Je, Kweli Kitasimamisha Mashine?



Hapa Kampala, tangu vinu vya posho vya Kisenyi mpaka viwanda vya Namanve, mashine nyingi zina kitufe chekundu cha dharura. Wengi wetu huamini kwamba maadamu kitufe kipo, basi tuko salama. Imani hiyo yaweza kumgharimu mtu mkono wake. Kitufe ni sehemu inayoonekana tu. Kinachosimamisha mashine ni njia ya waya iliyo nyuma yake. Makala haya yaeleza jinsi njia hiyo inavyopasa kufungwa na kulindwa, ili hata asiye fundi wa umeme aweze kuuliza maswali yanayofaa.

Namna kitufe kinavyofanya kazi

Mota kubwa huwashwa na kontakta, yaani swichi inayovutwa na koili. Koili ikipata umeme, kontakta hushika na mota huzunguka. Koili ikikosa umeme, springi huisukuma kontakta iachie, na mota hukatiwa umeme. Basi kazi ya kitufe cha dharura ni kukata umeme wa koili.

Kwa sababu hiyo, pointi za kitufe ziwe zimegusana muda wote mashine inapofanya kazi, na kukibonyeza kuzitenganishe. Waya ukikatika au nati ikilegea, koili hukosa umeme na mashine husimama yenyewe. Kikifungwa kinyume, waya uliokatika hautajulikana mpaka siku ya ajali. Ni afadhali mashine isimame bila sababu kuliko ikatae kusimama mtu akiwa amenaswa.

Kitufe kikae upande gani?

Hapa ndipo makosa mengi yanapofichika. Chukua mfano wa kinu cha mahindi ambacho koili yake hutumia volti 240, kati ya fezi na nyutro. Kitufe chapasa kukaa upande wa fezi, baada ya fyuzi, na koili iungwe moja kwa moja na nyutro. Mtikisiko wa kinu ukimenya waya wa kitufe hata ukagusa bodi la chuma, fyuzi hukatika na kinu husimama.

Sasa tuseme fundi amekiweka kitufe upande wa nyutro. Siku zote kitafanya kazi vizuri. Lakini waya ulio kati ya koili na kitufe ukigusa bodi, umeme wa koili hupata njia nyingine ya kurudi kupitia ardhi. Utabonyeza kitufe, na kinu kitaendelea kusaga.

Hatari nyingine ni koili ya volti 415 iliyofungwa kati ya fezi mbili. Waya wa upande mmoja ukigusa bodi, fyuzi ya upande huo hukatika, lakini koili hubaki na volti 240 kati ya fezi ya pili na ardhi. Nguvu hiyo yaweza kutosha kuishikilia kontakta iliyokwisha kushika, na kitufe huenda kisiweze tena kuikata.

Dawa yake ni transfoma ndogo ya kupunguza umeme wa koili hadi volti 110 au 24. Ncha moja ya upande wa pili wa transfoma iungwe na ardhi, na koili ziungwe na ncha hiyo. Vitufe vyote na fyuzi vikae kwenye ncha ya pili.

Ulinzi wa njia yenyewe

Kwanza, fyuzi iwe ya kipimo chake. Koili hutumia umeme kidogo. Anayeweka kipande cha waya wa shaba badala ya fyuzi anaruhusu pointi za kitufe ziungue na kugandana.

Pili, waya zipitishwe ndani ya bomba, mbali na mikanda, joto na panya.

Tatu, kitufe kikishabonyezwa kibaki chini mpaka kizungushwe au kivutwe, na kukiachia kusiiwashe mashine. Hali kadhalika, umeme ukikatika na kurudi, mashine isianze yenyewe. Ingoje mtu abonyeze kitufe cha kuwashia.

Nne, pointi za kontakta nazo zaweza kugandana. Mashine za hatari kubwa, kama mashinikizo ya kukata bati, zastahili kontakta mbili zinazofuatana, na rilei ya usalama inayokagua kama zote mbili zimeachia.

Wajibu wetu

Mwanzoni mwa kila zamu, kabla ya kupakia kazi, bonyezeni kila kitufe cha dharura. Mashine isimame. Kiachieni; mashine isianze. Jaribio hilo halionyeshi makosa yote tuliyoyataja, kwa hiyo mwajiri amlete fundi aliyehitimu akague waya kwa vipimo. Tena, kitufe hiki si cha kutumia wakati wa matengenezo. Kabla ya kuingiza mkono, zimeni swichi kuu na kuifunga kwa kufuli.

Mtu asikubali kitufe kirukwe kwa waya ati kwa sababu kinachelewesha kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mitambo iliyo salama, nayo humpa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari. Kitufe kisipofanya kazi, simamisheni mashine, mwambieni mwakilishi wa usalama, na jambo hilo liandikwe. Likipuuzwa, lifikisheni kwenye tawi la chama. Ni vigumu kwa mtu mmoja kulisema peke yake mbele ya msimamizi. Zamu nzima ikilisema pamoja, litasikika.

Umoja ni nguvu.