Ahadi ya jukwaani ni deni kwa mpiga kura

Mnamo Agosti 18, 1988, George H. W. Bush, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alihutubia kongamano kuu la chama chake cha Republican mjini New Orleans na kuahidi kutoanzisha kodi mpya. Ukumbi ukarindima kwa shangwe. Hata hivyo, mpiga kura makini hahesabu makofi. Huuliza fedha zitatoka wapi. Wakati huo, bajeti ya serikali tayari ilikuwa na pengo kubwa. Mwaka wa 1990, Bush akiwa Rais, alikubali kodi ziongezwe ili kulipunguza. Wapinzani hawakuisahau hotuba ile, na mwaka wa 1992, uchumi ukiwa umedorora, Bill Clinton akambwaga. Ahadi ni deni, na siku ya kulidai ni siku ya kura.