Kinyonga mgonjwa: usimuue, muuguze

Je, msomaji, utafanya nini watoto wakikuletea kinyonga aliyefungwa uzi mguuni, macho yamedidimia na ngozi imekuwa nyeusi kama makaa? Wengi wetu huamuru atupwe mbali, na wengine huokota jiwe.

Hofu hiyo tumeirithi. Wakamba, kwa mfano, husimulia kwamba kinyonga alitumwa na Mungu awaambie wanadamu kuwa wakifa watafufuka. Akashikwa na kigugumizi, ndege akamtangulia na habari nyingine, nasi tukabaki na kifo. Tangu hapo kinyonga hana rafiki.

Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu. Hula panzi, nzi na wadudu wengine, na hukimbilia kuuma pale tu anapobanwa. Yule wa pembe tatu, anayeonekana katika bustani za Nairobi na nyanda za juu karibu na Mlima Kenya, hata hatagi mayai. Jike huzaa watoto walio hai.

Sheria kwanza

Kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, huruhusiwi kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo ukimpata kinyonga aliyeumia, piga ripoti kwa afisi ya KWS iliyo karibu nawe. Kazi yako ni kumweka hai mpaka apate msaada.

Mkate uzi huo kwa makasi madogo, polepole. Kama kuna kidonda, kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya binadamu. Kisha mweke ndani ya boksi lenye matundu na tawi la kushikilia, mahali penye utulivu, mbali na paka, kuku na mikono ya watoto. Wawili usiwaweke pamoja. Kinyonga akimwona mwenzake hufadhaika, na mgonjwa hufadhaika zaidi.

Maji, jua na chakula

Macho yaliyodidimia ni dalili ya kiu. Lakini ukimwekea bakuli la maji, huenda asiliguse kamwe, kwani yeye hulamba matone yaliyo juu ya majani. Nyunyizia majani maji asubuhi na jioni, umpe muda alambe mwenyewe. Usimmiminie maji kinywani, yanaweza kuingia mapafuni yakamuua.

Asubuhi mtoe nje apate jua, lakini awe na kivuli cha kukimbilia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimfai, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu, na mifupa hulainika. Utaona miguu imepinda, taya limelegea na ulimi haurushiki tena kunasa mdudu. Ugonjwa huu huwapata sana wale waliofungiwa ndani kwa miezi mingi.

Mpe wadudu walio hai, wadogo kuliko upana wa kichwa chake. Ugali, maziwa na mkate si chakula chake. Wala usimpe mdudu aliyepuliziwa dawa, kwani sumu hiyo itamfikia naye.

Mwite daktari lini?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiona amefumba macho mchana, kinywa kimevimba au kina usaha, anahema huku kinywa kikiwa wazi, au mguu umevunjika. Usimpe viuavijasumu kwa kukisia. Kipimo cha mnyama mdogo hivyo ni kidogo mno, na ukizidisha unaweza kumwangamiza.

Usikate tamaa upesi. Mwili wake huenda polepole, na kupona kwake pia huenda polepole.

Mrudishe kwao

Akipata nafuu na maafisa wakakubali aachiliwe, mrudishe palepale alipookotwa. Sababu ni hii. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walisafirishwa hadi Hawaii, Marekani. Walifika wamekonda na wamekaukiwa na maji, mwenye duka la wanyama akawaachilia katika bustani yake wapate nguvu. Walipona, lakini hawakurudi ndani. Walizaana wakasambaa, na leo vizazi vyao vinakula wadudu na konokono wa visiwa hivyo ambao hawapatikani kwingine duniani. Huruma isiyo na mpango ilileta hasara.

Waite watoto washuhudie akiachiliwa. Mtoto aliyemnyunyizia kinyonga maji kwa wiki nzima hatamfunga mwingine uzi, wala hatamrushia jiwe.