Mahame ya Takwa: Yajengwe upya au yahifadhiwe yalivyo?

WAGENI wengi wanaokwenda Lamu kwa ndege hutua katika kisiwa cha Manda, kisha hupanda mashua na kuvuka hadi mji wa Lamu. Wachache hutambua kwamba kisiwa wanachokipa kisogo kina mji mzima uliohamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Mji huo ni Takwa, nao ukingali na kuta za nyumba, msikiti na makaburi katikati ya mibuyu.

Kwa kuwa utalii ni tegemeo kubwa la wakazi wa Lamu, kuna swali ambalo halikwepeki: je, haifai mji huo ujengwe upya, nyumba ziezekwe na milango itiwe, ili mgeni aone jinsi Waswahili wa zamani walivyoishi?

Takwa ilistawi kati ya miaka ya 1500 na 1700 hivi. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mji ulizungushiwa ukuta. Msikiti wa Ijumaa una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo lisilo la kawaida katika misikiti ya pwani. Lipo pia kaburi lenye nguzo ndefu na maandishi ya Kiarabu, la mwishoni mwa karne ya 17. Miongoni mwa sababu za kuhamwa kwa mji zilizotajwa na wataalamu ni maji ya kisima kuingia chumvi, maradhi na uhasama na Pate. Wenyeji walivuka mlango wa bahari na kukaa Shela, katika kisiwa cha Lamu.

Wanaopendelea ujenzi wana hoja za kusikilizwa. Ukuta uliobomoka haumwelezi mengi mtoto wa shule. Ujenzi ungewapa kazi mafundi wa chokaa, wachongaji wa milango na wakataji wa boriti, na ufundi huo ungerithishwa kwa vijana.

Ulimwenguni kwingine vivutio vilivyopotea hurudishwa. Katika bustani ya burudani ya studio za filamu za Universal huko California, kivutio cha sokwe King Kong kilichofunguliwa mwaka 1986 kiliteketea kwa moto tarehe 1 Juni, 2008. Mwaka 2010 kilifunguliwa kingine, safari hii kwa filamu ya kisasa badala ya sokwe wa mitambo. Hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu hata yule wa kwanza alikuwa wa kubuni.

Mji wa kale wa Warsaw, nchini Poland, ulibomolewa katika Vita Vikuu vya Pili na ukajengwa upya hadi ukaingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 1980. Karibu na kwetu, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020 na kusababisha vifo. Huko nako kuirudisha ni jambo la busara.

Lakini Warsaw ilikuwa na michoro na vipimo vilivyofanywa kabla ya vita. Beit al-Ajaib ilipigwa picha mara nyingi, na waliopanda ngazi zake wangali hai. Takwa haina picha hata moja ya wakati ilipokuwa na watu. Fundi atakayeezeka nyumba yake leo atalazimika kukisia kimo cha dari, umbo la mlango na mapambo ya zidaka. Ndiyo maana Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza kazi za uhifadhi duniani, hauruhusu kujenga upya magofu ya kale. Unaruhusu tu kurudisha mahali pake vipande vya asili vilivyoanguka.

Hatari ya kukisia inaonekana katika kisiwa hicho hicho. Mtaalamu Neville Chittick alichimbua mji mwingine wa kale, uitwao Manda kama kisiwa chenyewe, ulioanza katika karne ya 9. Alipata vyombo vya Ghuba ya Uajemi na matofali ya kuchoma, akauona mji huo kuwa kazi ya wageni kutoka Ghuba. Baadaye uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha kwamba miji hii ilianzishwa na Waafrika wa pwani wenyewe. Lau Manda ingejengwa upya kwa kufuata maoni ya kwanza, leo tungekuwa na mji wa Kiajemi wa saruji, na wanafunzi wangefundishwa kwamba babu zao hawakujenga kitu. Tena misingi mipya ingevuruga udongo ambamo ushahidi wa pili hutafutwa.

Isitoshe, Takwa ina wenyewe. Watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi la nguzo kuwaombea wazee wao na kuomba mvua. Mahali pa dua hapafai kugeuzwa jukwaa la maonyesho.

Basi fedha zikipatikana, zitumike wapi? Kwanza ni katika kuta zilizosimama. Mizizi ya miti hupasua mawe, nayo mvua huosha chokaa. Nyufa zizibwe kwa chokaa, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe na hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta. Kazi hiyo pia inahitaji mafundi wa Lamu, na haiishi kwa msimu mmoja. Pili, njia ya kufika irekebishwe, maana mashua hupita kwenye mkono wa bahari wenye mikoko na hutegemea maji kujaa. Tatu, pawe na michoro na maelezo ya Kiswahili kwa wageni na wanafunzi.

Anayetaka kuona nyumba kamili ya Kiswahili anayo tayari mjini Lamu, ambako nyumba ya karne ya 18 imekarabatiwa kuwa makumbusho. Takwa ina kazi nyingine, ya kutuonyesha kilichosalia kweli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mpya wa Takwa hautakuwa wa Takwa tena.